Nusu Marathoni ya Moshi kwa Mtu wa Makamo: Kujiandaa kwa Wiki 16 na Kushindana

Mwongozo huu haukuandikwa kwa anayeanza kukimbia ili apunguze kitambi. Ni wa mtu wa makamo, mwanamume au mwanamke, ambaye tayari anakimbia mara tatu nne kwa wiki, na ambaye akivuka mstari wa mwisho huangalia saa kwanza, halafu huulizia nani wa rika lake kamtangulia. Nimeuandika nikiifikiria nusu marathoni ya Kilimanjaro, inayokimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari, kwa mtu anayeishi na kufanya mazoezi Dar es Salaam. Ukiwa Tanga au Mombasa, mambo ni yale yale. Ukiwa Arusha, Mbeya au Eldoret, shida ya kutafuta vilima haikuhusu.

Maveterani wengi tunakwama kwa sababu moja. Tunakimbia kila siku mwendo ule ule wa kati, mzito kiasi cha kutuchosha, mwepesi kiasi cha kutojenga kasi yoyote. Kijana wa miaka 25 anaweza kuishi hivyo na bado akapata muda mzuri, kwa sababu mwili wake unajitengeneza usiku mmoja. Ukishafika 45, deni la Jumanne unalilipa hadi Ijumaa. Kwa hiyo kila kitu hapa chini kinasimama juu ya kanuni moja: punguza idadi ya siku ngumu, lakini zile zinazobaki ziwe ngumu kweli.

Hatua ya 1: Kapime kabla hujakaza

Mwishoni mwa Oktoba nenda kituo cha afya ukapime presha, sukari na wingi wa damu. Mwambie daktari waziwazi kwamba unashindana, usimwambie "nafanya mazoezi kidogo". Kama baba, mama au ndugu yako wa tumbo moja alipata ugonjwa wa moyo akiwa bado na umri mdogo, omba na kipimo cha umeme wa moyo. Presha haina adabu: unaweza kukimbia kilomita 15 bila kusikia lolote kumbe iko juu. Ukikutwa nayo, mbio hazijaisha, ila uliza kuhusu dawa utakayopewa, maana zipo zinazoshusha mapigo ya moyo na zipo zinazokukojoza sana, na zote mbili zinabadilisha namna mwili unavyokwenda kwenye joto.

Kifua kikibana, ukipata kizunguzungu cha kutaka kuanguka, moyo ukienda bila mpangilio, au pumzi ikikatika kwenye mwendo ambao wiki iliyopita ulikuwa mwepesi, simama hapo hapo na uende hospitali. Hakuna cha "ngoja nimalizie hii kilomita". Na ukiwa na homa, iwe malaria au mafua mazito, usikimbie. Subiri homa iishe, hamu ya kula irudi, kisha anza na siku kadhaa za mwendo mwepesi. Wiki moja iliyopotea Desemba hakuna atakayeiona Februari.

Kwa akina mama waliokaribia au waliopita ukomo wa hedhi, ongezeni mambo mawili kwenye maongezi na daktari: afya ya mifupa, kwa kuwa homoni zikishuka mifupa nayo hupungua uimara, na madini ya chuma kwa wale ambao hedhi imekuwa nzito kabla ya kukoma. Uchovu ambao watu huulaumu umri, wakati mwingine ni upungufu wa damu tu.

Hatua ya 2: Jua unachoshindania

Katika riadha ya dunia uveterani huanza miaka 35, na kuanzia hapo watu hupangwa kwa makundi ya miaka mitano mitano. Mbio nyingi za barabarani huanza kuhesabu kwenye 40. Soma masharti ya mbio unazojiandikisha ujue kama wana zawadi kwa rika lako. Hata kama hawana, matokeo yakitoka wahesabu wa rika lako mwenyewe, uone umekuwa wa ngapi. Huo ndio ushindani wako halisi. Kijana aliyekupita kilomita ya tatu akikuamkia "shikamoo" hayumo.

Umri unachukua, lakini hauchukui kwa kasi watu wanavyodhani. Kwa asiyefanya mazoezi, uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka takriban asilimia 10 kila miaka kumi baada ya 30. Kwa anayeendelea kujituma, karibu nusu ya hapo. Carlos Lopes wa Ureno alishinda marathoni ya Olimpiki ya 1984 akiwa na miaka 37, na mwaka uliofuata akavunja rekodi ya dunia. Kenneth Mungara wa Kenya alikuwa kinyozi kabla ya kuingia kwenye mbio akiwa mtu mzima, na mwaka 2015 alishinda marathoni ya Gold Coast, Australia, kwa saa 2:08:42 akiwa na miaka 41. Helalia Johannes wa Namibia alikimbia 2:19:52 kule Valencia mwaka 2020 akiwa na 40. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alipata 2:04:15 kwenye marathoni ya London mwaka 2024 akiwa na 41. Hao ni watu wa kipaji, sawa. Kinachotuhusu ni kwamba hakuna kati yao aliyeacha mazoezi ya kasi kwa kisingizio cha umri.

Sasa tafuta namba yako. Wiki ya kwanza ya Novemba, kimbia kilomita 10 kwa nguvu zako zote, alfajiri, kwenye njia tambarare. Zidisha muda uliopata kwa 2.2, utapata makadirio ya nusu marathoni ya tambarare. Aliyekimbia kilomita 10 kwa dakika 48, kwa mfano, anaweza kutarajia kama saa 1:46. Moshi ina mlima, ina jua na iko juu kuliko pwani, kwa hiyo ongeza dakika tatu mpaka tano. Mtu huyo alenge 1:50, na huyu ndiye nitakayemtumia kama mfano mpaka mwisho.

Hatua ya 3: Panga wiki yako

Wiki ina siku mbili ngumu tu, Jumanne na Jumamosi, na kati yake siku za kutosha za kupoa.

Jumatatu: pumzika kabisa.
Jumanne: ngumu ya kwanza, yaani vilima, vipande vya kasi au mwendo wa kukaza.
Jumatano: dakika 40 nyepesi, au baiskeli, au kuogelea kama uko jirani na bahari.
Alhamisi: kilomita 8 hadi 10 nyepesi, ukimalizia na mikimbio mifupi sita ya sekunde 20.
Ijumaa: mazoezi ya nguvu, bila kukimbia.
Jumamosi: mbio ndefu.
Jumapili: dakika 40 nyepesi, au ibada na familia. Sijawahi kumwona aliyeshindwa mbio kwa sababu ya Jumapili aliyokaa na wanawe.

Aliyepita miaka 55 au anayesumbuliwa na majeraha aitanue wiki iwe ya siku tisa: siku moja ngumu, mbili nyepesi, tena moja ngumu. Kalenda ya ukutani ina siku saba kwa ajili ya ofisi, misuli haiijui. Na kila baada ya wiki mbili za kuongeza, wiki ya tatu punguza kilomita kwa karibu theluthi moja. Vijana huenda wiki tatu kabla ya kupunguza. Waache.

Jumla ya wiki 16 igawanye hivi. Novemba ni msingi na vilima. Desemba hadi katikati ya Januari ni kasi. Kuanzia hapo mpaka siku kumi kabla ya mbio ni mazoezi yanayofanana na njia yenyewe ya Moshi. Siku kumi za mwisho ni za kupunguza. Mbio ndefu za Jumamosi zianze kilomita 12 au 13, zifike 20 hadi 22 mwishoni mwa Januari. Zaidi ya hapo, kwa nusu marathoni, unajichosha bure.

Ramadhani inastahili neno lake, kwa sababu miaka hii inaangukia Februari. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kutegemea mwandamo. Anayefunga ana njia mbili za heshima. Ama akimbie Moshi bila kulenga muda, ama ahamishie lengo lake kwenye mbio za Juni au Julai. Mazoezi mepesi yafanyike saa moja kabla ya futari, na yale magumu saa mbili baada yake. Kukaza mchana wa kaskazi ukiwa umefunga ni kujitafutia mabaya.

Hatua ya 4: Siku nyepesi ziwe nyepesi kweli

Hapa ndipo watu wazima wengi wanapoharibu, na kwa Dar lawama nyingine iende kwenye vikundi vyetu vya jogging. Jumamosi alfajiri mnakutana, mnapanga mistari, mtu mmoja anaongoza nyimbo, na mchakamchaka unaanza. Ni raha, na urafiki unaopatikana hapo ni wa kweli. Lakini mwendo wa kundi haumfai mtu yeyote: mkali kwa aliyekuja kupoa, mdogo kwa aliyekuja kujenga kasi. Mkishamaliza, supu ya kongoro na chapati nne. Nenda na kundi siku ambayo ratiba yako inasema kukimbia kwa raha, na ukae mstari wa nyuma.

Saa nyingi hukupangia mapigo ya moyo kwa kutoa umri kutoka 220. Kwa mtu wa miaka 50 inapata 170. Ni wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja anaweza kuwa juu au chini ya hapo kwa mapigo kumi na zaidi. Wapo wa miaka 50 wanaofika 185, wapo wanaogota 160. Kwa hiyo usiruhusu saa ikuambie umechoka au hujachoka kwa hesabu hiyo peke yake.

Kipimo changu ni salamu. Umri huu, ukikimbia mtaani asubuhi, hutakosa watu wa kukuamkia. Mtu akikupa "shikamoo", nawe ukaweza kujibu "marahaba, hujambo, nyumbani hawajambo, wamelalaje?" kwa pumzi moja, mwendo wako ni mwepesi. Ukiweza "marahaba" tu, umeshaingia mwendo wa kati, punguza. Ukijibu kwa kupunga mkono, hiyo iwe siku ya Jumanne. Kwa mkimbiaji wetu wa dakika 48, mwendo mwepesi utakuwa kama dakika 6:00 hadi 6:40 kwa kilomita, na kwenye joto la Januari hata 7:00. Usione aibu kuiweka hiyo kwenye Strava, ile programu ya simu ambamo wakimbiaji huoneshana mbio zao.

Hatua ya 5: Siku ngumu

Kasi ndiyo kitu cha kwanza kuondoka mtu akizeeka, na huondoka haraka zaidi kwa asiyeitumia. Ed Whitlock wa Canada, aliyekimbia marathoni kwa 2:54:48 mwaka 2004 akiwa na miaka 73, anajulikana kwa kukimbia polepole saa nyingi ndani ya makaburi ya mji wake. Watu wanaishia hapo kumsimulia. Wanaacha kusema kwamba alikuwa akishiriki mbio nyingi fupi mwaka mzima, na hizo ndizo zilikuwa mazoezi yake ya kasi.

Kabla ya kipindi chochote kigumu, pasha misuli dakika 15 hadi 20, kisha ongeza mikimbio mifupi mitatu minne. Kijana anaweza kushuka kwenye daladala akaanza kukimbia. Wewe misuli ya paja itakukumbusha.

Novemba anza na fartleki ya dakika moja moja, ile inayokimbiwa na makundi makubwa kule Iten, mji wa wakimbiaji wa Kenya: dakika moja kwa nguvu, moja polepole. Anza na mara 10, fika 20. Faida yake kwa mtu mzima ni kwamba huhitaji uwanja wala vipimo, na mwili unachagua wenyewe kasi inayoumudu siku hiyo. Kuanzia Desemba tumia vipande: kilomita moja mara tano kwa kasi ya mbio za kilomita 10 (kwa mfano wetu, 4:48), ukipumzika dakika mbili mpaka mbili na nusu kwa kutembea. Wiki inayofuata kimbia mwendo wa kukaza: dakika 20 mfululizo kwa kasi ambayo ungeweza kuibeba saa nzima na si zaidi, kama 5:00 kwa kilomita. Zibadilishe wiki kwa wiki.

Kipande cha mwisho kiwe sawa na cha kwanza au kipungue sekunde mbili tatu. Cha tano kikizidi cha kwanza kwa sekunde 15, ulianza kwa sifa. Na ukiamka siku ngumu ukiwa na maumivu ya upande mmoja tu, mguu mmoja au goti moja, ahirisha. Maumivu ya pande zote mbili mara nyingi ni uchovu, yale ya upande mmoja mara nyingi ni jeraha linalobisha hodi.

Hatua ya 6: Vilima, kupanda na hasa kushuka

Njia ya nusu marathoni ya Moshi ni rahisi kuielezea. Unatoka mjini, unapanda kuelekea Mweka, kisha unarudi chini. Mji wenyewe uko mita 800 na ushee juu ya usawa wa bahari, na kilele cha njia kinapita mita 1,000. Hewa haijapungua kiasi cha kutisha. Kinachoumiza ni kupanda mfululizo bila mahali pa kupumua, halafu kushuka ukiwa na mapaja yaliyokwisha choka.

Dar ni tambarare kwa aliyezoea Oysterbay na daraja la Tanzanite. Panda Goba, Kimara, Salasala au milima ya Pugu, utabadili mawazo. Mara moja kila wiki mbili, Jumanne, tafuta mlima unaochukua sekunde 60 hadi 90 na uupande mara 8 kwa nguvu. Mikono ifanye kazi, macho mita kumi mbele, hatua fupi. Shuka ukitembea.

Kushuka nako kunafanyiwa mazoezi, na hapa ndipo wanaotoka pwani hupoteza mbio. Mguu unapotua kwenye mteremko, msuli wa paja unafanya kazi huku ukivutwa urefuke, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayoacha maumivu ya siku mbili tatu. Habari njema ni kwamba msuli hujifunza: ukishaupa dozi ndogo mara chache, dozi kubwa haitauvunja vilevile. Kuanzia Januari, malizia mbio ndefu mbili tatu kwa kilomita 3 hadi 5 za mteremko wa wastani. Usijizuie kwa visigino kana kwamba unafunga breki. Inamia mbele kidogo kutoka kwenye vifundo vya miguu, ongeza idadi ya hatua, achia mikono itanuke. Mara ya mwisho iwe wiki tatu kabla ya mbio.

Kama nyumbani kwenu ni uchagani, au ulioa au kuolewa huko, Krismasi inakupeleka kwenye njia yenyewe bila gharama ya ziada. Kimbia barabara ya Mweka asubuhi moja, panda taratibu, shuka kwa mwendo wa mbio, ujue kona zake na mahali kivuli kinapoishia. Fanya hivyo kabla watu hawajaamka, kwa sababu baada ya saa nne kuna mbege, kuna ndafu, na hakuna shemeji atakayekuelewa ukisema unalinda uzito.

Hatua ya 7: Nguvu, na visigino

Misuli hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na kukimbia peke yake hakuizuii isipungue. Ijumaa, dakika 30 zinatosha: kuchuchumaa na kuinuka ukiwa umebeba ndoo au dumu la maji, kupiga hatua ndefu mbele na kushusha goti, kusimama mguu mmoja ukiinama kugusa sakafu, na kujiinua kwa vidole. Uzito uwe mkubwa kiasi cha kukushinda kwenye mara ya 8 au ya 10. Kunyanyua kichupa cha maji mara hamsini kunapoteza muda wako.

Jeraha la rika letu ni kigimbi, na ukano mnene unaoshuka nyuma ya mguu mpaka kisiginoni. Dalili yake unaijua: asubuhi unatoka kitandani unachechemea mpaka chooni, ukitembea kidogo kunalegea, unajidanganya kumepona. Tiba iliyozoeleka zaidi ilitangazwa mwaka 1998 na daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, na haihitaji kifaa ila ngazi.

Simama kwenye kipandio, nusu ya mbele ya nyayo ikiwa juu, visigino vikining'inia nje. Shika ukuta. Jiinue kwa miguu yote miwili, hamishia uzito wote kwenye mguu unaouma, kisha ushushe kisigino polepole, ukihesabu moja, mbili, tatu, mpaka kipite chini ya usawa wa kipandio. Usijiinue kwa mguu huo. Tumia ule mzima kurudi juu. Fanya mara 15, pumzika, rudia mpaka seti tatu goti likiwa limenyooka, halafu seti tatu nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo. Mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Inauma kidogo na inachosha akili, na wengi huiacha wiki ya tatu maumivu yakipungua. Wasiokuwa na jeraha wafanye seti tatu mara mbili kwa wiki, kama kinga.

Sindano na vidonge vya diklofenaki si mazoezi. Kumeza kabla ya mbio ili usisikie maumivu, huku unatokwa jasho jingi, kunaweza kuumiza figo na tumbo, na kwa mwenye presha au ugonjwa wa moyo hatari ni kubwa zaidi.

Hatua ya 8: Raba

Wengi wetu tunanunua mtumba, na mtumba mzuri upo. Ukifika soko la Karume usidanganywe na weupe, zimeoshwa zikang'aa. Iweke raba mezani, itazame kwa nyuma: ikilalia upande mmoja, achana nayo. Bonyeza kwa kidole gumba ubavu wa soli, ile sehemu laini ya katikati. Ikiwa ngumu na ina mikunjo midogo mingi iliyolala, sponji limekufa, hata kama chini bado kuna meno. Kunja mbele: ipinde pale vidole vinapokunjika, isipinde katikati. Nusa kama kuna gundi mpya. Mwisho vaa zote mbili jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ubakize upana wa kidole gumba mbele, maana kwenye mteremko wa Mweka kucha zitagonga.

Raba zenye bamba la kaboni ndani ni halali kwenye mbio mradi soli haizidi milimita 40. Zinasaidia, lakini zinahamisha mzigo kwenda kwenye vigimbi na nyayo, ndiyo sehemu zetu dhaifu. Ukizitaka, zivae kwanza kwenye vipindi vitatu vinne vya Jumanne.

Hatua ya 9: Joto, maji na chakula

Pwani ya Januari, saa kumi na moja na nusu alfajiri ndiyo muda pekee wa maana. Jasho halikauki, mwili haupoi, na kasi itashuka tu. Fuata juhudi, usifuate saa. Jipime uzito kabla na baada ya saa moja ya kukimbia: kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Hapo unajua unapoteza kiasi gani, na siku ya mbio huhitaji kunywa zaidi ya hicho. Kunywa maji matupu kupita kiasi kunazimua chumvi ya damu, na hilo limewahi kuua wakimbiaji.

Mtu mzima anahitaji protini zaidi ya anavyodhani, na chakula chetu cha jioni mara nyingi ni mlima wa ugali na mchuzi. Geuza uwiano: dagaa, maharage, mayai, maziwa ya mgando, na ile sahani ya kwanza baada ya zoezi gumu isichelewe. Kuhusu usingizi sina la kuongeza zaidi ya kusema kwamba ni dawa ya kupona isiyouzwa dukani, na anayelala kwa muda wa saa tano tu anajenga nyumba mchangani.

Hatua ya 10: Moshi

Panga malazi mapema, mwezi mmoja kabla au zaidi, kwa kuwa nyumba za wageni hujaa. Kwa basi kutoka Dar ni safari ya siku nzima, hivyo fika Ijumaa, siyo Jumamosi usiku. Ndani ya basi vaa viatu vinavyolegea, na shuka kwenye kila kituo ukanyooshe vigimbi.

Siku kumi za mwisho punguza kilomita kwa nusu, lakini acha mikimbio mifupi na kipindi kimoja cha vipande vitatu vya kilomita moja. Utajisikia mzito na mwenye wasiwasi. Ni kawaida, usiende kujipima.

Jumamosi kula wali, viazi au ndizi, weka kando maharage na mboga nyingi za majani. Siku ya mbio amka zikiwa zimebaki saa tatu kabla ya kuanza: mkate na asali, au viazi vitamu, na chai. Hakuna jipya, hata soksi. Weka tende nne tano kwenye mfuko wa bukta, ule mbili kila baada ya dakika 30 ukinywa na maji.

Simama kwenye kundi la mwendo wako, si mbele kwenye kamera. Kilomita mbili za kwanza watu wanatoka kwa kishindo; achia wakupite. Kwenye kupanda fuata pumzi: uwe unaweza kusema maneno matatu manne. Mkimbiaji wetu anayelenga 1:50 akipanda kwa wastani wa 5:40 na kushuka kwa 4:45, atafika sekunde chache chini ya lengo. Akipanda kwa 5:13 kwa sababu ndio wastani aliouandika mkononi, atafika juu akiwa amekwisha, na mteremko hautamsaidia.

Ukigeuka kurudi, usilipuke. Jipe mita mia tatu miguu izoee, ndipo uachie. Sasa tafuta watu wa rika lako mbele: unawajua kwa mvi na kwa namna wanavyobana mabega. Mchukue mmoja mmoja. Ukimfikia mtu, mpite kwa kasi inayoeleweka, usikae begani mwake ukimpa nafasi ya kujibu. Kilomita mbili za mwisho, ndani ya mji, ndipo zile Jumanne za Desemba zinapolipa.

Hatua ya 11: Baada ya mstari

Usikae chini. Tembea dakika kumi, kunywa, badili fulana iliyolowa. Siku tatu za kwanza ni kutembea tu, na kushuka ngazi itakuwa kichekesho. Kukimbia kwepesi kuanze siku ya tano au ya sita, na zoezi gumu lisubiri wiki mbili kamili. Kwa aliyepita 55, tatu. Matokeo yakitoka, nakili muda wako, nafasi ya rika lako, na hali ya hewa ya siku ile, ili mwakani ulinganishe vitu vinavyolingana. Kufikia hapo masika yatakuwa yanakaribia Dar. Anza tena na dakika moja moja kwenye lami, ukikimbia upande unaotazamana na magari na ukiwa umevaa kitu kinachoakisi mwanga, maana njia za udongo za Goba na Pugu zitakuwa tope mpaka Mei.